Wifi Hanitumi

Mke wa marehemu kaka yangu alianza kusomea kioo akiwa na mvi kichwani. Sisemi hivyo kwa kumcheka, ingawa siku aliponiambia nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu, na kila habari ya nyumba ile hunipitia hapo kabla haijaingia ndani. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa kazi begani, akasema, "Wifi, nimepata nafasi chuoni. Nakwenda kusomea kioo."

"Kioo kipi tena? Si unakikata kila siku?"

"Kukikata nakikata. Sijawahi kukitengeneza."

Akaingia jikoni kuinjika chai. Alikuwa amefanya kazi kwenye duka la vioo vya madirisha tangu kaka yangu yu hai. Mteja analeta vipimo, wifi anatandaza kioo mezani, anakipitishia kisu chake chenye ncha ya almasi, anakigonga kwa chini, kinaachana vipande viwili. Vidole vyake vimejaa makovu membamba meupe. Kioo kinafika dukani ndani ya makasha, kimetengenezwa na watu asiowajua, na yeye kazi yake ni kukipunguza. Aliniambia baadaye, siku moja alipochoka mpaka akashindwa kuficha, kwamba hilo ndilo lililompeleka chuoni. Alitaka kabla hajafa atengeneze kitu kimoja kizima.

Mama yetu, ambaye miguu ilishamwacha lakini masikio na mdomo vimebaki vizima, aliisikia habari ile akiwa kitandani chumba cha mbele. "Anasomea nini?" akauliza.

"Kioo, Mama."

"Chupa?"

"Kioo."

"Haya, mwambie akimaliza aniletee chupa moja yenye mfuniko."

Tangu siku hiyo, kwa Mama, wifi akawa mtu anayesomea chupa, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Sasa niseme nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Asubuhi wifi yuko dukani, mchana yuko chuoni, jioni yuko jikoni, na katikati ya hayo yote kuna kumgeuza Mama, kumwosha na kumlisha. Msiniulize mimi nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nashona. Wifi aliolewa kwetu akiwa msichana, mimi ni dada mkubwa wa mumewe, na mdogo hamtumi mkubwa. Chumvi ikiwa karibu na kiwiko changu, wifi atazunguka meza nzima aifuate mwenyewe. Ukimwambia kaa, atasema, "Usijali, wifi." Kaka akafa, tukazika, tukabaki wanawake watatu nyumbani, na bado hakuwahi kunituma hata maji ya kunywa. Nami sikuona ubaya wowote. Nani huona ubaya wa kuletewa chai?

Masomo yalimchosha vibaya. Alikuwa akirudi uso umemwiva kwa joto la tanuri, macho mekundu, mabega yameshuka. Alikuwa anakula amesimama, kwa sababu akikaa analala. Halafu akaanza tabia mpya iliyoniudhi sana: kila alichoshika alikizungusha. Ufagio aliuzungusha, mwiko aliuzungusha, mpini wa kisu aliuzungusha vidoleni huku anaongea na wewe. Usiku mmoja nilipita mlangoni kwake nikamwona amelala fofofo na mkono wake wa kulia unazungusha kitu kisichokuwepo.

"Wifi," nikamwambia asubuhi, "huko chuoni wanawafundisha uchawi?"

Akacheka kidogo. "Kioo kikiwa moto hakishikiki, wifi. Kiko kwenye ncha ya bomba la chuma, kinataka kudondoka kama asali kwenye kijiko. Ukizungusha kinakaa. Ukiacha kuzungusha, hata ukitaka kupiga chafya tu, kinamwagika sakafuni."

"Hamna mahali pa kukiweka chini kidogo mkapumzika?"

"Hakuna."

Nikaona hiyo si kazi, ni adhabu, na nikamwambia hivyo. Yeye akaokota ndoo ya Mama akaenda nayo.

Mwaka wa mwisho mambo yakawa magumu zaidi. Chuo kilitangaza kwamba lile tanuri kubwa, ambalo halizimwi mchana wala usiku, litazimwa wanafunzi hawa wakimaliza, na halitawashwa tena. Darasa la kioo linafungwa. Maana yake, asiyefaulu safari hii hana mwaka wa kurudia. Na ili ufaulu, lazima mbele ya watahini wawili kutoka nje utengeneze jagi, lenye mdomo wa kumiminia na mkono wa kushikia, lisimame mezani bila ufa. Likikosekana jagi, hakuna cheti, na miaka yote ile ya kula umesimama imekwenda na maji.

Jagi halitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye benchi anazungusha bomba na kulitia kioo umbo, mwingine anapuliza upande wa pili na kufungua mlango wa tanuri dogo la kukipashia moto upya. Mwenzake wifi alikuwa binti mmoja mwenye miraba minne, wakimwita Simiti. Simiti akapata kazi kwenye kiwanda cha taa, mbali huko, akafunga mizigo wiki chache kabla ya mtihani. Simlaumu, riziki haina subira. Lakini wifi akabaki bila pumzi ya pili.

Mimi sikuambiwa. Jioni ile nilimwona wifi amekuja barazani, akasimama, akarekebisha kitambaa kisichohitaji kurekebishwa, akarudi ndani. Akatoka tena, akaulizia uzi, akarudi ndani. Mara ya tatu sauti ya Mama ikapasua ukuta.

"We fundi! Mwenzio anazunguka hapo tangu aingie, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ana shida na wewe. Muulize, maana yeye hawezi kusema."

Nikamuuliza. Akaniambia habari ya Simiti akiwa anaangalia sakafu. Mwalimu alikuwa amekubali msaidizi wa nje, awe mtu yeyote mwenye mapafu. "Lakini usijali, wifi. Una kazi zako."

"Si uniambie unataka nije!"

"Ukipenda tu, wifi."

Nilikasirika. Sijui kwa nini, lakini nilikasirika kweli, nikazima cherehani, nikasema kesho nakuja, na kama nikiungua utanishonea wewe hizi sare za watu.

Karakana ya kioo ni chumba kirefu chenye dari la mabati na sakafu ya saruji, na ukifungua mlango joto linakusukuma kifuani kwa mkono wazi. Tanuri lilikuwa linanguruma mwisho wa chumba. Pembeni kulikuwa na kasha kubwa la chuma lenye mlango mzito, wakiliita joko, ambamo kazi iliyomalizika huwekwa ipoe kidogo kidogo mpaka keshokutwa yake. Ikipoa ghafla inapasuka. Na kando ya benchi ipo ndoo ya vipande. Ukiharibu kazi unaivunja kwa mkono wako mwenyewe ndani ya ndoo ile, vipande vinarudi tanurini, hakuna anayekupa pole.

Mwalimu wao wanamwita Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo analolisema mbele ya joko. Mbele ya benchi husema "Upesi!" Sijamsikia akisema mengi zaidi ya hayo mawili. Ila siku ile aliniongezea. "Mama fundi, hapa mnafuata amri. Maneno ni manne tu. Mlango: unafungua. Puliza: unapuliza. Acha: unaacha. Gonga: unagonga bomba kwa hiki kijiti, jagi liachane na chuma. Na kitu kingine. Hapa hatusifu kazi kabla haijatoka jokoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Na mimi nikitaka kusema neno?"

"Hulisemi."

Nilimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kijana wa watu, ningeweza kumzaa.

Tukaanza. Wifi akachota kioo tanurini kwenye ncha ya bomba, donge la moto linalong'aa mpaka linaumiza jicho, akaja nalo benchini akilizungusha, akakaa, akalikanda kwa gazeti lililoloweshwa maji, moshi ukapanda. Mimi nimechuchumaa upande wa pili na mdomo wangu tayari. Na wifi akasema:

"Wifi, samahani, kama hutajali, naomba unipulizie kidogo."

"Haya, mpenzi, napuliza," nikajibu, nikapuliza.

Hakikuvimba. Kilikuwa kimeshakuwa kigumu.

"Upesi!" akasema Taratibu.

Tukarudia. "Wifi yangu, nipulizie, tafadhali, kidogo tu." Kigumu. Tukarudia. "Wifi, samahani, ule mlango..." Kioo kikalegea upande mmoja kikamwagika sakafuni, kikalala pale kama ulimi. Ndoo ikajaa. Kufikia jioni Taratibu alikuwa amekaa juu ya kigoda ameshika kichwa. "Mama," akamwambia wifi, "kioo hakijui samahani. Hicho kinasubiri pumzi moja tu. Wewe unaomba radhi, chenyewe kinakufa. Mwamrishe."

"Ni wifi yangu," akasema wifi. "Ni mkubwa wangu."

"Hapa hakuna wifi."

"Yuko hapa," wifi akasema, na akanionyesha kwa mkono wote kwa heshima, si kwa kidole. Hata Taratibu alicheka, kicheko cha mtu aliyekata tamaa.

Tulifanya mazoezi wiki ile yote hali ikawa hiyo hiyo. Alijitahidi, nilimwona. Alijaribu kusema "puliza" kavu kavu, lakini ilipofika mdomoni ikavaa nguo: "Puliza, wifi, ahsante." Nami nilikuwa na dhambi yangu ya mdomo, kila akitaja jina langu la heshima namwitikia kwanza. Tulikuwa watu wazima wawili tunaoshindwa na adabu. Njiani kurudi nyumbani yeye alikuwa anatembea amelala.

Siku ya mtihani alitoka dukani moja kwa moja, amekata vioo vya jengo zima tangu asubuhi. Alinikuta getini.

Watahini walikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na mwanamume aliyejifuta jasho muda wote. Zamu ya wifi ilikuwa ya mwisho. Kila mwanafunzi alikuwa na muda hadi kengele ya jioni, na ukiharibu unaweza kuanza upya kama kengele haijalia.

Jagi la kwanza lilikwenda vizuri kuliko yote tuliyowahi kujaribu. Kioo kilivimba, kikarefuka, tumbo la jagi likatokea, nikauma ulimi nisisifu. Ilibaki kulipasha moto shingoni kisha kuligonga liachane na bomba. Wifi alilinyanyua kuelekea tanuri dogo, akafika mbele ya mlango uliofungwa, akanitazama.

"Wifi," akasema, "samahani, nilikuwa naomba..."

Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Shingo ilikuwa imepoa. Jagi likaanguka, likavunjika vipande miguuni pake.

Mtahini mnene akaandika kitu. Taratibu akaangalia saa ya ukutani, hakusema upesi wala taratibu. Wifi akaweka bomba mahali pake, akakusanya vipande, akavitia kwenye ndoo kimoja kimoja, halafu akakaa chini kwenye sakafu ya saruji na mgongo kwenye mguu wa benchi.

"Nimechoka, wifi," akasema. "Twende nyumbani. Mama hajala."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka, nikasahau kwamba kuna wageni.

"Mama hajala! Mama atakula! Wewe Mama akikutuma unakwenda. Mwenye duka akikutuma unakwenda. Mteja wa kupita njiani akikutuma kioo cha choo unakwenda. Leo mimi nimeacha sare za watu barazani, nimekuja kukaa kwenye moto huu nichemke kama kiazi, nakusubiri unitume neno moja, huwezi? Nitume! Nitume kama mtoto wako. Usiponituma leo, utanituma lini, kaburini?"

Watahini walikuwa wanatazama viatu vyao. Wifi alinitazama mimi, muda mrefu, na sikuelewa ule uso. Nilidhani atalia. Halafu akashika ukingo wa benchi, akajivuta akasimama, akachukua bomba jipya, akaenda tanurini.

Alirudi na donge la moto, akakaa.

"Puliza!"

Nakiri kwamba moyo wangu ulikataa. Mdomo ulifunguka kusema "nani unamwambia hivyo," lakini ulikuwa tayari uko kwenye chuma, na pumzi ikaenda huko. Kioo kikavimba.

"Acha! Puliza. Polepole! Siyo hivyo, unapuliza kama unazima moto wa jirani. Polepole, nimesema. Acha. Mlango!"

Nikakimbia. Mimi, na magoti haya, nikakimbia mlangoni.

"Wazi zaidi! Funga. Rudi hapa. Puliza!"

Sauti yake ilikuwa ngeni. Haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu mwenye haraka ambaye hana muda wa kupendeza. Tumbo likatokea, shingo ikatokea, mwangaza wa dirisha ukaingia ndani yake ukazunguka pamoja nalo. "Lo!" nikaanza.

"Nyamaza!"

Tangu nizaliwe ni Mama peke yake aliyewahi kuniambia nyamaza. Nikanyamaza.

"Mlango! Gonga. Usiogope, gonga!" Likaachana na bomba, likabaki limeshikwa kwa chini na fimbo ya pili ya chuma iliyobandikwa kitakoni kwake. Akalifungua mdomo, akauvuta upande mmoja uwe wa kumiminia. Taratibu mwenyewe akaleta utepe wa kioo cha moto, wifi akaupokea kwa koleo, akaupinda, akaubandika ubavuni ukawa mkono wa jagi. "Gonga." Taratibu akalipokea kwa glavu zake nene akalikimbiza jokoni kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Kengele ikalia mlango wa joko ukiwa unafungwa.

Hakuna aliyesifu.

Kati ya hapo na keshokutwa yake wifi alikwenda dukani, akapika, akamwosha Mama, na kila kitu alikizungusha. Chumvi aliifuata mwenyewe. Nikajua ile sauti imebaki karakanani, nikajiambia ndivyo inavyotakiwa, na nikaona nimesikitika, jambo ambalo sikulitegemea.

Siku yenyewe Taratibu alifungua joko akatoa kazi moja moja. Mbili zilikuwa zimepasuka, wenyewe wakazipeleka kwenye ndoo. La wifi akalisimamisha mezani. Lilikuwa jagi la kijani hafifu, limeegama kidogo upande wa kushoto, na mkono wake mnene kama sikio la mpiga ngumi. Mtahini mnene akashusha miwani ya kichwani, akapitisha kidole mdomoni mwa jagi, akalijaza maji hadi juu, akafuta meza kwa kitambaa kikavu, akasubiri. Meza ilibaki kavu.

"Umefaulu, mama," akasema.

"Ahsante," akasema wifi. Basi. Nami ambaye sasa niliruhusiwa kusifu sikupata neno.

Kisha Taratibu akaenda ukutani akafunga koki ya gesi. Ule mngurumo uliokuwa ukisikika tangu chuo kianzishwe ukapungua, ukakoroma, ukaisha. Nikasikia watu wakipumua. Wifi akasimama akiangalia mlango wa tanuri ukipoteza wekundu wake, na hakuonyesha furaha wala huzuni, alionyesha usingizi.

Tulirudi kwa miguu. Nilibeba jagi kifuani nimelizungushia kitambaa cha sare, maana sikumwamini mtu mwingine. Tulipofika barazani, wifi akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akakaa. Akakaa kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu, viatu vya kazi miguuni, mfuko bado begani, akafumba macho.

"Wifi," akasema, "niletee maji."

Hakusema samahani, wala kama hutajali.

Chumbani kitanda kikalia. "Nani anamtuma nani?" akapaza sauti Mama.

"Wifi ananituma mimi," nikajibu.

"Basi nenda upesi," akasema Mama.

Nikaenda. Nikalisuuza jagi, nikalijaza, nikalileta kwa mikono miwili, kwa sababu ule mkono wake mnene siuamini mpaka leo. Wifi alikuwa amelala hapo hapo kitini, kichwa kimeegemea ukuta. Nikautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja wazi, hauzungushi kitu. Nikaweka maji chini karibu na miguu yake, nikakaa sakafuni kumsubiri aamke.